Msichana Aliyebaki Ndani ya Benki

Kila nikisikia harufu ya blanketi lililolowa mvua ikichanganyika na moshi wa jenereta, masikio yangu husikia komeo. Banda la video la shangazi yangu pale Tunduma lilinukia hivyo masika yote niliyoishi kwake. Lilikuwa banda la mabanzi lililoezekwa bati, jirani na barabara ambako malori ya kwenda Zambia yalipanga foleni hadi upeo wa macho. Kutani tulitundika mablanketi ili mwanga usiingie, na filamu ya mchana ilipoanza shangazi alisukuma komeo kwa nje, wadoezi wasipenye. Mimi nilifungiwa ndani pamoja na watazamaji, nikiwa na birika la chai ya tangawizi na beseni la karanga. Aliyebanwa na haja alibisha mlango mpaka shangazi asikie, na shangazi alisikia alipotaka.

Kwetu si Tunduma. Kwetu ni Mbebe, Ileje, milimani, ambako asubuhi unafungua mlango ukakutana na ukungu umelala juu ya maharage. Shangazi, dada yake baba, alijifungua mtoto wakati mumewe yuko Zambia akitafuta maisha, akaomba mtu wa kumshika mkono wakati wa likizo. Baba akanitoa mimi, Sekela, niliyekuwa nimemaliza darasa la nne, na ahadi ilikuwa nirudi shule zikifunguliwa. Shule zikafunguliwa. Niliwaona watoto wa jirani wakipita na soksi nyeupe huku mimi nikisugua vikombe kwa majivu. Kumbe shangazi alikwisha kumpelekea baba salamu kwamba ameniandikisha shule hapo hapo mjini, tena shule nzuri, na baba, ambaye hajawahi kumshuku dada yake, akashukuru. Nililijua hilo kwa sababu lilisemwa mbele yangu, kana kwamba mimi ni stuli. Sitaki kumchora shangazi kama zimwi. Alikuwa amechoka, kichanga mgongoni, banda kichwani, na mume asiyeleta hata salamu. Lakini nilimchukia, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Filamu iliyotawala masika yale ilikuwa ya wezi wa benki ambao kwa muda mrefu sana hawaibi kitu. Wanakunywa kahawa dukani, mkabala na benki. Wanamtazama mlinzi akibadilishana zamu na mwenzake. Wanarudi nyumbani kimya, kesho wanakuja tena. Ndani ya benki yumo msichana wa usafi ambaye ni mwenzao, na kazi yake ni kujificha kwenye chumba cha hazina ili awafungulie kwa ndani. Anajificha, mlango wa chuma unafungwa, na huko nje wenzake wanaanza kugombana. Vijana wa mjini hawakuivumilia hata kidogo. "Oya Simbeye, peleka mbele bwana! Hamna hata ngumi moja!" walimpigia kelele mwendesha mashine, na mmoja aliapa kwamba hata kobe angekuwa ameshaiba, akala, akalala. Madereva wa malori ndio walioipenda. Dereva mmoja mwenye kofia ya sufu aliwageukia vijana akasema, "Nyie hamjui kungoja. Mwangalieni huyo jamaa anavyolitazama geti. Hapo ndipo roho inapopaa." Aisifuye mvua imemnyea, wenyewe walikuwa wamekwama mpakani wakisubiri makaratasi, na kutazama geti ndiyo ilikuwa shughuli yao. Kila kundi jipya la madereva lilipowasili, filamu ilirudiwa.

Simbeye ndiye aliyekuwa mtafsiri wetu. Alikaa kando ya runinga na kipaza sauti, akatuletea Kiswahili chenye lafudhi ya Kinyiha. Kiingereza alikuwa nacho kidogo, na palipopungua alijaza mwenyewe. Mashine yake ilikuwa na tabia ya kuchemka, kwa hiyo kila msichana alipofungiwa tu, Simbeye aliizima ipoe, akawaomba watazamaji maoni. Hapo banda liligeuka mahakama. Wapo waliosema mwizi ni mwizi, aachwe humo humo. Wapo waliosema hata mwizi ana mwenzake, na kumwacha mtoto wa watu gizani ni laana. Niliwaona wanaume wazima wakimtetea hadi sauti zinakauka. Kisha mlango ulifunguliwa ili hewa iingie, wakanikabidhi vikombe vichafu, nikatoka navyo kwenda uani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo nusu ya pili sikuiona kamwe. Komeo lilirudishwa, nami nikabaki nje ninaosha vyombo, nikimsikia Simbeye kupitia mabanzi. Hata hivyo hakunisaidia, maana mwisho wake ulifuata upande uliopiga kelele zaidi. Leo msichana alitoka kupitia darini akaolewa. Kesho alikosa hewa akafa. Nilisugua masufuria nikiomba upande wa kumwokoa ushinde.

Aliyejua ukweli alikuwa Bana Chanda, yaani mama Chanda kwa Kibemba, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kiingereza alikielewa vizuri, na Simbeye alipozidisha chumvi alicheka kwa sauti akikanusha kwa Kibemba: "Awe, mukwai! Hajasema hivyo!" Siku moja wakati wa mapumziko alitoka kupunga upepo, akanikuta karoni. Nikajipa moyo nikamuuliza kama yule msichana anatoka. Alinitazama mikono iliyochubuka kwa majivu, akaniuliza, "Na wewe shule unaenda saa ngapi, mwanangu?" Nikainamia sufuria. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikasema Mbebe, na jina lile lilipotoka mdomoni nililia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Akasema tu kwamba huwa anapeleka vitenge Isongole, kule kwetu Ileje, siku ya gulio. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mchana mmoja, mvua ikipiga bati, mlango wa chuma ulikuwa ndiyo kwanza umefungwa kwenye runinga tuliposikia mlango ukigongwa kwa nguvu. Watazamaji walidhani ni filamu. Simbeye naye hakusita: "Polisi wamefika!" Kisha komeo likavutwa, mwanga ukaingia, vijana wakafoka mlango ufungwe. Mlangoni alisimama baba na koti lake linalochuruzika maji. Hakuwahi kuona filamu maishani mwake. Akauliza kwa sauti ya kanisani, "Yuko wapi msichana aliyefungiwa?"

Baadaye ndipo nilipoelewa. Bana Chanda alimtafuta baba miongoni mwa wauza maharage wa Mbebe gulioni Isongole, na hakumsema vibaya shangazi, kwa kuwa baba asingesikia. Alikaa chini akamsimulia filamu: kuna msichana yuko ndani, wenzake wako nje wanaambiana yuko salama. Baba alipouliza ni binti wa nani, akajibiwa anaitwa Sekela. Shangazi alianza kujieleza, kichanga kikilia, na baba akamwambia atamletea mtu mzima wa kumsaidia, lakini huyu ana shule. Nilitoka na viatu vya plastiki miguuni, sijaaga mtu.

Sasa naishi Vwawa, na binti yangu hutazama filamu kwenye simu, visikizi masikioni. Chini ya kila filamu watu wameandika maoni yao: inachosha, ruka hadi mwisho, mlioipenda mna matatizo. Huwa nawasoma nikimkumbuka dereva wa kofia ya sufu. Siku hizi hakuna komeo, kila mtu anaondoka anapotaka, na hilo nalishukuru kwa moyo wote. Lakini pia hakuna anayegeuka kumtazama aliyekaa pembeni yake. Ile filamu ya wezi ningeweza kuitafuta. Sijaitafuta.

Mwezi uliopita nilikwenda Mbebe. Macho ya baba yamefifia, tukaota moto jikoni, naye akauliza lile swali ambalo huwa haachi kuniuliza: yule msichana mwingine, wa benki, alitoka? Nikamwambia alitoka, baba yake alikuja akagonga mlango.

Akasogeza kuni.

"Alichelewa sana?"

"Kidogo tu, baba."