Posa ya Mwanangu Niliichezea Gemu

Mwaka 2009, siku ya pili ya Idi kubwa, nilicheza gemu na kaka yangu sebuleni kwangu, mjini Sur, Oman.

Dau lilikuwa mwanangu wa kike.

Sifanyi mzaha. Watu walikuwepo, wengi bado wazima, na wakisoma hapa watajua ni mimi. Wacha wajue.

Lakini huwezi kuielewa siku ile bila kuijua Ibra, mji niliokulia, mwaka 1990.

Jina langu Kaltham. Wazee wetu walitoka Unguja mjini, wakaja Oman na masanduku manne na Kiswahili chao. Skuli tulisema Kiarabu, nyumbani Kiswahili.

Baba alipostaafu alifungua chumba cha gemu mbele ya nyumba yetu. Mashine tatu, kazinunua Dubai, zimeshatumika. Moja ya magari, moja ya ndege. Hizo vijana walizichoka wiki ya kwanza.

Ya tatu ndiyo iliyowatia wazimu.

Ilikuwa gemu ya kupigana. Jina lake limeandikwa Kijapani, hakuna aliyeweza kulisoma, tukaiita Mnara, maana kila ukimshinda mtu unapanda ghorofa.

Wapiganaji walikuwa wanane. Kila kijana alimtaka yule wa mapanga mawili, au yule mwenye misuli kama ng'ombe. Kulikuwa na kibabu mmoja wa mguu mbovu, mwenda polepole, hata kuruka hawezi sawasawa. Wakamwita Kiguru. Hakuna aliyemgusa.

Mimi nilimpenda huyo.

Utaniuliza, msichana aliifikia wapi mashine? Baba alikifunga chumba adhuhuri, akala, akalala mpaka alasiri. Kufagia ilikuwa kazi yangu. Nafagia dakika tano, nacheza saa nzima, sauti nimeizima.

Nikagundua siri ya Kiguru. Yeye hamfuati mtu. Anangoja. Ukimkalisha chini, ukazuia pigo la mwenzio, halafu ukazungusha usukani, kile kijiti cha mashine, nusu duara na kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, anamdaka mtu kiunoni na kumbwaga chali. Mtu akibwagwa mara tatu, kwisha habari yake.

Siku moja kaka yangu Marzouq akanikuta. Alikuwa amenizidi miaka miwili, ana kumi na tisa. Nikajua leo nimekwisha, atakwenda kumwamsha Baba.

Akavuta kigoda, akakaa.

"Nifundishe," akasema.

Nikamfundisha. Alikuwa mzito, ana pupa, anataka kupiga kabla ya kupigwa. Ilichukua wiki sita. Lakini alipoelewa, Ibra nzima ilikoma. Wakaja vijana wa Samail, wakala kichapo. Wakaja wa Sinaw, wakarudi vichwa chini. Wakampa jina, Marzouq wa Kiguru.

Chakula cha mchana anahadithia alivyomfanya fulani, alivyomfanya fulani. Mimi napakua wali. Haniangalii.

Sikuumia, nawaambia kweli. Niliona kama ni mimi ninayeshinda.

Idi ya mwaka ule akaja mtu anaitwa Ghaith, kutoka Nizwa. Mtaratibu, hasemi sana. Chumba kilijaa mpaka barazani. Akamshinda Marzouq raundi ya kwanza kama anamenya chungwa.

Marzouq akasema anakwenda kunywa maji. Akaja mpaka kwenye pazia la mlango wa ndani. Mimi nipo nyuma yake.

"Nifanyeje?" akaninong'oneza. Jasho linamtiririka.

"Acha kumfuata. Kaa chini. Ngoja yeye aje."

Akarudi, akakaa chini, akangoja. Akashinda raundi ya pili. Akashinda na ya tatu.

Watu wakapiga kelele. Ghaith akasimama, akampa mkono, akampongeza kwa sauti ya kawaida tu, "Mabruk. Na dada yako naye mpe mabruk yake."

Alikuwa amesikia.

Kicheko kilichotoka mule chumbani sijapata kukisikia tena. Bingwa wa Ibra anafundishwa na mwanamke. Mpaka magharibi mtaa mzima unajua.

Marzouq alikuwa na njia mbili. Aseme kweli, achekwe mwezi mmoja, yaishe. Au atafute uongo mkubwa kuliko ile aibu.

Alikwenda kwa Baba akamwambia hivi: Kaltham hakuwa akinifundisha chochote. Kaltham alikuwa nyuma ya pazia kwa ajili ya Ghaith. Wana mazungumzo siku nyingi. Mimi nilikwenda pale kumfukuza.

Baba akaniita. Nikakana. Nikamwambia nipeleke kwenye mashine nikuonyeshe, nicheze mbele yako.

Akanipiga kofi. "Na kuicheza pia unajua?"

Akamgeukia Marzouq, akamwambia aape. Marzouq akaapa. Macho makavu, mkono juu ya msahafu.

Mama alinifuata jikoni. Hakunikumbatia. Akasema, "Mwanangu, mdomo wa mwanamme una mashahidi. Wako hauna."

Skuli nikatolewa, imebaki miezi minne nifanye mtihani wa mwisho. Nilikuwa wa pili darasani, nikitaka ualimu. Baada ya wiki tano nikaolewa Sur, mtaa wa Aija, na mtu wa arubaini na tatu aliyefiwa na mke. Musabbah jina lake, mwenye maboti ya uvuvi.

Musabbah si mtu mbaya. Hajanipiga hata siku moja. Lakini sikumchagua, na siku ya harusi yangu Marzouq ndiye aliyenifungulia mlango wa gari. Akasema, "Mungu akupe kheri, dada."

Nikamtazama. Akatazama tairi.

Mwaka uliofuata nikamzaa Khuloud. Halafu wavulana wawili. Baba akafa, Mama akafa. Marzouq akapata kazi nzuri Nizwa, akaoa mke anaitwa Fawziya, watu wenye jina lao. Akaja kwangu mara tatu tu kwa miaka kumi na tisa, zote misiba.

Halafu 2009 akapiga simu.

Fawziya ana mdogo wake, Mutasim, mwalimu, kijana wa miaka ishirini na tano. Wanataka kuja kumposa Khuloud. Khuloud alikuwa na kumi na nane, anasoma chuo hukohuko Nizwa.

Musabbah akaniambia, "Kijana nimemuulizia, mzuri. Mimi sina neno. Lakini wewe ndiye uliyemlea. Ukiridhia, nimeridhia. Ukikataa, nimekataa."

Nilikuwa nimeridhia. Naandika hili makusudi, mlijue. Asubuhi ile nilipika halua kwa mkono wangu.

Khuloud mwenyewe sikumuuliza. Nilijisemea atazungumza baadaye, kwanza watu waje.

Wakaja gari tatu. Marzouq ana kitambi na saa ya dhahabu. Fawziya mpole, anatazama kila kitu. Mutasim kakaa kwenye ncha ya mto wa kukalia kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Na mashemeji, na majirani, jumla kama watu ishirini. Kwa sababu ni ndugu na posa ni ya jamaa, tukakaa chumba kimoja, wanaume upande huu, wanawake upande huu. Khuloud yupo jikoni, kama desturi.

Marzouq alikuwa amewaletea wanangu zawadi. Pleistesheni, na diski moja ya gemu za zamani, ishirini kwa pamoja, zile za kwenye mashine. Siku zile gemu hizo zilikuwa zimeanza kurudi, wanazikusanya na kuziuza upya kwa watu wazima wanaokumbuka ujana wao.

Wavulana wakaiwasha. Wakapitisha majina ya gemu. Nikausikia muziki.

Mnara.

Nilikuwa nimeshika sinia la kahawa. Nikasimama nalo katikati ya chumba.

Marzouq akachukua padi, kile kidude cha kuchezea, akacheka. "Tazameni wanangu. Mjomba wenu awaonyeshe kazi."

Akamchagua Kiguru.

Akaanza kuwahadithia watu wote. Kiguru hakuna aliyemjua, nilimvumbua mimi. Nilikaa naye mchana kutwa, peke yangu, mpaka nikamfahamu. Siri yake ni kungoja. Hata Ghaith wa Nizwa nilimbwaga hivi.

Fawziya anatabasamu. Ameshaisikia hadithi hii mara mia, unamwona tu.

Angekaa kimya juu ya Ghaith, labda ningepita. Labda.

Nikaliweka sinia chini.

"Kaka Marzouq," nikasema, "tucheze mimi na wewe."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, lakini macho hayakucheka.

"Dada, haya si mambo yako."

"Ukinishinda, Khuloud ni wenu, tusome Fatiha sasa hivi. Nikikushinda, mnaondoka na posa yenu."

Musabbah akaniangalia. Akasema kwa Kiswahili chake cha mabaharia, "Mama Khuloud, unasema kweli?"

"Nasema kweli."

Marzouq alikuwa tena na njia mbili. Na tena akaogopa kuchekwa.

"Bismillah," akasema.

Wote wawili tukamchukua Kiguru. Raundi ya kwanza akanishinda. Kidole gumba hakikuzoea ile padi, mimi nilijua usukani. Watu wakaanza kusema mabruk, Fawziya akakohoa kusafisha koo kwa vigelegele.

Raundi ya pili kidole kikakumbuka.

Nikakaa chini, nikangoja. Yeye, na unene wake wote, bado ana pupa ileile. Akaja. Nikambwaga. Akaja. Nikambwaga. Akaja.

Ya tatu ndiyo ninayoionea haya.

Ningeweza kuimaliza kwa nusu dakika. Sikuimaliza. Nilimfikisha pahala pamebaki uzi mmoja wa uhai, halafu nikarudi nyuma, nikamwacha asimame. Akasimama, nikampiga kidogo, nikarudi nyuma. Wanangu walikuwa wakicheka, wakaacha. Mutasim anatazama zulia. Nilitaka kila mtu mule ndani aone kwamba kaka yangu hajui na hajapata kujua.

"Waambie nani alikufundisha," nikasema, macho kwenye televisheni.

Akabonyeza vitufe ovyo.

"Waambie na Ghaith. Waambie uliapa nini kwa Baba."

"Kaltham, basi."

"Waambie."

Akaiweka padi chini, akajifunika uso kwa viganja. Akasema, "Ni yeye aliyenifundisha. Na Ghaith hakupata kuzungumza naye hata neno moja. Nilisema uongo."

Miaka kumi na tisa niliingojea sentensi ile.

Kiguru wake alikuwa bado amesimama, hana wa kumwendesha. Nikambwaga.

Fawziya akanyanyuka wa kwanza. Akamtazama mumewe kama anamwona mara ya kwanza siku ile, halafu akanitazama mimi, na mimi hakuniangalia kwa huruma hata kidogo. Wakatoka. Mutasim alikuwa wa mwisho. Mlangoni akaniinamia, akasema, "Shikamoo, khala," yaani mama mdogo, akavaa viatu.

Musabbah akasema, "Neno ni neno," akaenda msikitini.

Nikaingia jikoni. Wallahi nilikuwa mwepesi kama nimetua gunia. Nilitaka nimhadithie mwanangu kila kitu, tangu pazia mpaka leo, afahamu mama yake ni nani.

Khuloud kasimama kwenye sinki, hina mpya mikononi. Alikuwa amesikia yote.

"Umeshinda, Mama?"

"Nimeshinda."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Mjomba hakutaka kuja," akasema. "Alikuwa anakuogopa. Mimi ndiye niliyembembeleza, miezi mitatu. Mimi nilimwambia Mutasim anipose."

Nikafunga mlango wa jikoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Halafu akasema, bila kupaza sauti, "Babu alimsikiliza Mjomba, akakuoza. Wewe ulimsikiliza Mjomba akijisifu, ukanikatalia. Mimi nimeulizwa na nani?"

Nikampigia simu Fawziya palepale, hawajafika hata Al Kamil njiani. Nikamwomba radhi, nikamwomba warudi, nikasema ilikuwa hasira.

Akaniacha nimalize. Akasema, "Dada Kaltham, ulilofanyiwa ni baya na mume wangu nitajua namna ya kukaa naye. Lakini mdogo wangu alikuja kwako na heshima zake, ukamweka kwenye mchezo mbele ya watu ishirini. Hatarudi."

Hakurudi. Miezi mitano baadaye alioa mjini Bahla.

Khuloud alimaliza chuo, akapata kazi Samail, akapanga huko. Wameshakuja wachumba watatu, wote amewakataa, na baba yake hamlazimishi. Idi anakuja. Ananibusu mkono, anasema shikamoo Mama, anakula, anaosha vyombo, alasiri ameshaondoka. Hajapata kunikosea adabu. Natamani anikosee.

Marzouq amepata kuniomba msamaha kweli, kwa machozi, na nimempa. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Mimi, aliye wa kunisamehe hajalitamka neno hilo.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu alikudhulumu na Mungu akakuletea siku yako, usinisikilize mimi nikikwambia samehe, sina uso huo. Lipiza ukitaka. Lakini kabla hujanyanyua mkono, ingia kwanza jikoni, umuulize aliyemo humo anataka nini.