Kipande cha Mwisho cha Kitabu cha Warigia

Habari za vitabu msiniulize leo, nimechoka. Lakini mkitaka kujua ni nani alikipenda kitabu kuliko watu wote niliowahi kuishi nao mtaa wa Shauri Moyo, hata mkiniamsha usingizini nitawajibu: ni Warigia, mama yake Irungu. Na huyo huyo Warigia hakukimaliza kitabu chenyewe. Kaeni chini niwaambie, na asinikatize mtu.

Warigia alikuwa wa kiwanda cha mablanketi. Akirudi jioni, nywele zake zilikuwa zimejaa manyoya ya blanketi na kifua kinakohoa, kikohozi kikavu kile kisichotoa kitu. Alikuja Nairobi kutoka Murang'a akimbeba Irungu mgongoni, mumewe akiwa amekufa. Alimkimbia mama mkwe. Yule mama alimfanya punda wa nyumba: kuni yeye, maji yeye, matusi yeye. Siku moja alifunga mzigo alfajiri, akaondoka bila kuaga mtu.

Sasa kitabu. Alikipata Gikomba, chini ya gunia la viatu kuukuu. Kilikuwa hadithi ya mwanamke aitwaye Zamda, aliyeolewa mbali na kwao, akateswa na mama mkwe. Warigia alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama pale pale sokoni, hamali akampiga kikumbo, wala hakusikia. Aliniambia, "Khavere, mtu ameniandika mimi, na hanijui!"

Kitabu kimoja na mstari mzima wa nyumba unakitaka, utafanyaje? Warigia alichukua wembe akakikata vipande. Kila kipande akakishona kwa uzi wa blanketi, akakivika karatasi ya pakiti ya unga. Ukimaliza kipande chako unampa jirani wa mkono wa kulia, nawe unapokea kutoka kushoto. Na sheria ilikuwa moja tu: aliye mbele asimwambie aliye nyuma. Jirani yetu Aoko alivunja sheria hiyo mara moja penye mfereji wa maji, tukamnunia mpaka akaomba radhi. Warigia mwenyewe alijiweka mwisho wa mstari. Alisema mwenye chungu hujipakulia mwisho.

Jumamosi tukifua ndipo tulipobishana. Aoko alikipenda kitabu kwa sababu ya mapishi. Alisema ukisoma pale Zamda anapokaanga unasikia harufu ya kitunguu, hata kama kwako umelaza watoto na chai ya rangi. Nduta, ambaye mumewe alikuwa na mdomo mrefu, alimpenda Zamda kwa kujibu. "Maneno ambayo mimi huyapata kesho yake nikiosha sufuria," alisema, "yeye anayo palepale mdomoni!" Na Mzee Bedan, seremala wetu, hakujua kusoma. Mkewe Mbithe alimsomea huku mzee akipiga randa, naye hakujali mama mkwe wala nani. Alimpenda punda wa kitabu. Kila jioni utamsikia kupitia ukutani: "Na punda, amekula?" Tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Mimi? Mimi nilikipenda kwa sababu nikikishika hapakuwa na mtu wa kunituma. Basi. Mtu akiwa na watoto na kibarua, hiyo si sababu ndogo.

Warigia alisoma polepole, maana usingizi ulimpiga kabla hajageuza ukurasa. Nilikuwa nikimkuta amelala juu ya kitanda na viatu miguuni, kipande kimemfunika uso. Lakini Jumamosi angekuja penye mfereji macho yanamwaka. "Ameondoka, jamani! Zamda ameondoka!" Sisi tuliokuwa mbele tulijifanya hatujui. Hapo ndipo nilipomwona Warigia akiwa na furaha, na sikumwona hivyo mara nyingi.

Mwaka ule watoto walipoanza kupewa maziwa shuleni, kipande cha mwisho kilipita kwa Aoko, kikapita kwa Nduta, kikapita kwangu, nami nikakipeleka kwa Mbithe. Baada ya Mbithe ni Warigia. Lakini Mbithe alikuwa ameanza kuugua, na haikuchukua muda tukamzika. Kipande hakikutoka kwa Bedan. Nilitaka kwenda kukidai, Warigia akanishika mkono. "Mtu aliyefiwa haulizwi karatasi," akasema.

Kisha wakaja shemeji zake kutoka Murang'a, wamevaa makoti, wamekaa kitandani kwake kama mahakimu wa korti ya Makadara. Mama mkwe amelala, hainuki, hana wa kumgeuza. Wewe ndiye mke wa boma lile, walimwambia. Ukikataa, Irungu asahau shamba la baba yake.

Nilikasirika, nawaambia kweli. Kwani wao hawana wake? Hawana mikono? Warigia hakukasirika. Alikohoa, akafuta mdomo, akawapa chai. Baadaye aliniambia, "Khavere, nimechoka hata kukataa. Na Irungu atajenga wapi?"

Halafu akaniangalia. "Kitu kimoja tu nakitaka kabla sijafunga mzigo. Zamda alifika barabarani, na mama mkwe akamwita kwa nyuma. Hapo ndipo nilipoishia. Nataka kujua kama alirudi. Nisome kwa macho yangu, si kwa kuambiwa."

Nikaenda kwa Bedan siku hiyo hiyo. Nikabisha, akafungua kidogo, nikasema nilichotaka. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, akafunga mlango. Ala! Nikarudi siku iliyofuata, hakufungua kabisa, na randa naisikia ndani. Nikamwita mchoyo mbele ya mlango wake, kwa sauti, ili mstari mzima usikie.

Siku ya kuondoka lori lilisimama nje tangu asubuhi. Tulikuwa tumepakia kitanda, masufuria na taa ya mafuta. Vile vipande vingine Warigia alikuwa amevikusanya kwenye kiondo, vimepangwa vizuri, nafasi ya kimoja bado. Bedan akaja, kofia mkononi.

"Mama Irungu," akasema, "kipande chako kiko Lang'ata."

Hatukuelewa. Lang'ata ndiko tulikomzika Mbithe.

"Alikuwa akinisomea," Bedan akaendelea. "Akafika pale mama mkwe anamwita Zamda tena, akachoka. Akakifunga, akaniambia, nitamalizia kesho. Hakuamka. Nami nikaona asiende bila kujua mwisho. Nikakiweka chini ya mkono wake, kabla hawajapiga misumari." Akalia, mzee wa watu, mbele ya dereva na watoto wote. "Nisamehe. Kilikuwa chako."

Niliona haya mpaka nikaangalia chini. Warigia alimshika bega. "Ulifanya vizuri, Mzee Bedan. Angekuwa mume wangu, ningetaka anifanyie hivyo." Kisha akatugeukia sisi, mimi na Aoko na Nduta. "Basi, maji yakimwagika hayazoleki. Niambieni nyinyi. Mlikisoma. Alirudi?"

Sasa niwaambie nyinyi ambacho kitabu kilisema. Kilisema alirudi. Zamda aliitwa, akasimama, akageuka. Akaingia jikoni, akatua mzigo, akainama kupuliza moto. Mwisho. Hata ukurasa haukujaa. Mimi nilipofika hapo nilikitupa ukutani. Nduta alimtukana mwandishi siku nzima. Aoko alisema mtu aliyeandika vile hajawahi kuchoka.

Hatukupanga kitu, Mungu ni shahidi. Aoko alitangulia. "Alikwenda mjini," akasema, "akafungua hoteli, watu wakapanga foleni kwa pilau yake."

"Hoteli gani?" Nduta akamrukia. "Mama mkwe alimfuata mpaka barabarani akapiga magoti. Zamda akamjibu jibu ambalo, woi, siwezi kulirudia mbele ya watoto!"

"Na punda?" Bedan akauliza, akifuta macho.

"Alikwenda na punda," nikasema.

Warigia alikuwa ananitazama mimi. Si mjinga yule. Alisikia hoteli upande mmoja na magoti upande mwingine, na alijua mimi ndiye nisiyeweza kutunga.

"Khavere. Alirudi?"

Dereva akapiga honi, nikataka kumpiga kofi.

"Hakurudi," nikamwambia. "Aliitwa, wala hakugeuka."

Alitikisa kichwa polepole. Akachukua kiondo chake, akakifunga mdomo kwa kamba.

"Afadhali," akasema. "Afadhali mmoja wetu."

Akanipa mkono nimsaidie kupanda lori.