Nishani ya Mbeba Machela

Siku yangu ya kwanza kazini sajenti alinikabidhi machela, kile kitanda cha turubai cha kubebea majeruhi, akaniambia, "Bunduki yako ndiyo hii." Nilikuwa nimechukuliwa kwa nguvu kutoka kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nilitumikie jeshi la Wareno. Waliotupiga risasi kutoka msituni walikuwa ndugu zetu wakidai nchi yao. Vita vile sijivunii hata kidogo, lakini kazi niliipenda.

Ninyi mnaosomea uuguzi mna magari yenye ving'ora. Sisi tulikuwa na miguu. Wabebaji hawaendi hatua sawa: wa mbele akianza na kushoto, wa nyuma huanza na kulia, la sivyo machela huyumba na majeruhi hulia.

Mwaka wa pili nilihamishiwa kikosi cha kapteni mmoja mkali kama pilipili. Asubuhi moja tukashambuliwa bondeni. Amisse, mbebaji mwenzangu, akaanguka mbele yetu, risasi imempata pajani, damu inamwagika. Nikainuka. Kapteni akapiga kelele, "Fica! Fica!" Kwa Kireno maana yake baki hapo hapo. Mimi na Kireno changu cha kuokoteza nikasikia Kiswahili: fika! Basi nikafika. Nikamfunga paja kwa mshipi, nikamtia mgongoni, nikarudi naye huku risasi zikipukutisha majani juu yetu.

Wakanivika nishani ya ushujaa. Roho ikanisuta, nikaenda kwa kapteni kumweleza ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Barua ya kukusifu imeshakwenda Ureno," akasema. "Sasa niwaandikie kwamba hujui lugha? Mwenzako yu hai. Vaa, uondoke."

Vita vilipokwisha, nishani ile ya Wareno ikawa balaa nyumbani, nikaitwa msaliti. Nikaja Johannesburg, nikabeba wagonjwa katika zahanati ya mgodi hadi nilipostaafu. Siku hizi nasali Mayfair, mtaa wa hapa hapa mjini, afya ninayo, na namshukuru Mungu kwelikweli.

Juzi mjukuu wangu Zaina aliniuliza, "Eish, babu, kama ungemwelewa kapteni, ungeenda?"

"Ningebaki, mama. Niliogopa mno."

Nikafungua simu, nikamwonyesha picha aliyonitumia Amisse kutoka Pemba, ya harusi ya mjukuu wake. Mzee amekaa katikati, ukoo wake wote umemzunguka. Zaina alianza kuwahesabu, akashindwa.