Injini Ilikuwa Nzima

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyotoka nyumbani kwenda kuuza gari la marehemu mume wangu nikiamini limekufa, na mzee mmoja wa Arua akanikemea mbele ya watu. Keti nikusimulie. Najua ninyi vijana mna haraka, lakini chai yenyewe bado haijachemka.

Mume wangu, Wani, alikuwa na Landkruza ya dizeli hapa Koboko, na kazi yake ilikuwa kuvuta. Miaka ile barabara ya Arua haikuwa na lami. Mvua ikinyesha, malori yanazama kwenye matope mpaka ekseli, watu wanamwita Wani, naye anakwenda na mnyororo wake. Gari lile lilikuwa otomatiki, halina klachi ya kukanyaga, na wenzake walimcheka kwamba amenunua gari la mabosi. Yeye alicheka nao, kisha akawavuta.

Homa ilimchukua ghafla, akaniacha na binti yetu Keji ambaye alikuwa hajaanza hata shule. Ndugu yake mdogo, Taban, akashika usukani. Yeye anaendesha, mimi natafuta kazi na kusema na wenye malori. Taban alikuwa kijana mpole, mcheshi, hawezi kupita mtoto bila kumtania. Tulikula kwa gari lile, hatukuwa na shamba la maana.

Baadaye gari likaanza kubadilika. Asubuhi likiwa baridi linakwenda vizuri. Likishapata moto, hasa likiwa na mzigo nyuma, injini inapiga kelele nyingi na magurudumu yanazunguka kivivu, mwili wote unatetemeka, na harufu ya mafuta yaliyoungua inaingia mpaka ndani. Mwisho likakataa kabisa katikati ya mlima, lori la mtama limefungwa nyuma yake. Trekta ndiyo iliyokuja kumaliza kazi.

Tangu hapo Taban akawa mtu mwingine. Chakula anakisukuma, Keji akimkimbilia anampapasa kichwa tu na kupita. Jioni moja akaniambia bila kunitazama, "Shemeji, tuuze hii gari. Injini imekufa. Iko mutu wa Vurra anataka vyuma yake."

"Nani amesema imekufa?"

"Mimi nasema."

Niliumia, mwanangu. Moyoni nilijua jibu langu: huyu amechoka kutulea, anatafuta njia ya kututua. Sikumuuliza neno jingine. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mtu akiwa na msiba hukumbuka kunguni wa kitanda chake tu. Nikakubali.

Tukaondoka alfajiri, gari tupu, tukipumzika kila lilipopata moto. Njia ya Vurra inapita Arua, nami nikaomba tusimame kwanza gereji ya Mzee Rajabu. Mzee huyu alikuwa Mwislamu mzaliwa wa huku kwetu Koboko, fundi aliyejifunzia jeshini, na ndiye aliyekuwa akilitengeneza gari tangu Wani yu hai. Nilitaka anifungulie ile ndoano ya kuvutia iliyokuwa nyuma, kwa sababu Wani aliiunda kwa mikono yake. Gari liende, ndoano ibaki kwangu.

"Natoa ndoano kwa nini?" mzee akauliza.

"Tunauza gari, Mzee. Injini imekufa."

"Nani amepima?"

Nilimtazama Taban, naye akatazama viatu vyake. Hapo sauti ya mzee ikapanda, mafundi wote wakaacha kazi. "Binti yangu! Huko Koboko siku hizi munazika mutu bila kuangalia kama iko anapumua?"

Watu wakacheka. Mimi machozi yakanitoka palepale, kwa sababu mume wangu nilikuwa bado sijamaliza kumlilia. Mzee akaona alichokigusa. Akaniletea kiti mwenyewe, akakifuta kwa shati lake. "Kaa, mama. Ulimi yangu iko mkali. Wani alikuwa kama mutoto yangu. Kaa, mimi napima."

Akapanda ndani, akawasha. Akakanyaga breki kwa nguvu, akatia gia, akakanyaga mafuta kidogo, akasikiliza injini ikinguruma bila kukwama. Kisha akaingia chini, akafungulia mafuta ya giaboksi yakaingia kwenye karai. Yalikuwa meusi kama masizi. Akachovya kidole, akakiinua juani, na kidole kikang'aa vumbi la chuma.

"Injini iko nzima," akasema. "Iko na nguvu hata kesho kutwa. Kitu imekufa ni hii ya katikati, toko-konvata."

Akanieleza taratibu, kama ninavyokueleza wewe. Kwenye gari la otomatiki, kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara, kama sufuria mbili zilizofunikiana, kimejaa mafuta. Hicho ndicho hupokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gia. Kikichakaa, injini itahangaika peke yake, na magurudumu hayatasikia. Hakifunguliwi kikatibiwa kando ya njia. Kinatolewa, kinatiwa kingine.

Nilikuwa bado sijashusha pumzi nikamsikia Taban nyuma yangu.

"Ni mimi, Mzee." Sauti ilikuwa ya mtoto. "Siku ile ya mlima nilisikia harufu. Dereva ya lori akaniomba, kidogo tu, kidogo tu, nikaendelea kuvuta. Mimi nimeua gari ya ndugu yangu. Asubuhi nikiiona nyumbani, naona yeye amesimama kando yake."

Basi ndicho kilichokuwa kikimla! Nami miezi yote nikidhani ametuchoka.

Mzee Rajabu alimsogelea. Alikichukua kidole cha Taban, akakichovya kwenye karai, akamsugulisha lile vumbi. "Unasikia? Hii si ya siku moja. Chuma inasagika pole pole, tangu Wani mwenyewe. Nilimwambia, gari ya kuvuta inataka kipoza mafuta kubwa, hii ndogo haitoshi. Akasema atarudi. Mutoto akagonjwa, mambo ikawa mengi. Sasa, wewe utamulaumu Wani?"

Taban akatikisa kichwa.

"Basi usijilaumu na wewe. Kazi ya kuvuta ndiyo imekula hii kitu."

Yule kijana alilia, mwanangu, kilio alichokinyima kaburi. Nilimshika mkono, nikamwambia jambo ambalo ningemwambia zamani kama ningeuliza: kwamba hakuna siku niliyomhesabia kosa la gari lile.

Toko-konvata nyingine ilikuja na basi kutoka Kampala. Taban aliuza fahali wake kuilipia, bila mtu kumwambia. Mzee hakukubali kuifunga tu. Alimwaga mafuta yote ya zamani, akaosha mabomba mpaka yanatoa mafuta safi, akatia kipoza kikubwa mbele ya gari. Wakati wa kuirudisha giaboksi, mafundi wakataka kuivuta kwa boliti ili ikaribie injini. Akawazuia. Akamwita Taban aizungushe kwa mkono ile toko-konvata, taratibu, mpaka ikazama na kukaa yenyewe mahali pake. "Ukilazimisha, unavunja mupya siku ya kwanza," akasema.

Tukarudi Koboko jioni ya mvua. Njiani tukakuta lori limezama, na juu yake wamekaa akina mama wa Sudani na watoto wao na mizigo yao, wamejifunika turubai. Taban akasimama, akanitazama.

"Funga mnyororo," nikamwambia.

Alivuta. Katikati ya kazi akasimama, akaacha mafuta yapoe, dereva wa lori akipiga kelele za haraka. Taban hakujali. Akavuta tena, na lori likatoka, na wale akina mama wakapiga vigelegele kwenye mvua.

Gari lile lilimsomesha Keji. Taban alioa akiliendesha, na leo ana gereji yake, hapo unapopita kila siku.

Mwanangu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kitu kikikukatalia, kazi, ndoa, masomo, hata mwili wako, usikitangazie kifo kabla hujajua ni wapi palipovunjika. Mara nyingi kilichobaki ni kingi kuliko kilichoharibika. Na ukimwona ndugu yako amenyamaza, usimtungie sababu kichwani mwako. Muulize. Mimi sikumuuliza Taban, na nusura tupoteze gari, na yeye pia.

Nenda sasa, na Mungu akutangulie. Akupe mzigo usiozidi nguvu zako. Na siku mzigo utakapozidi, akuletee mtu mwenye mnyororo na moyo usio na haraka.