Mwanamke wa Barazani Aliyeijua Propela Yangu

Subira yangu ilikatika Alhamisi saa tano na nusu asubuhi, kwenye gereji moja upande wa Kibarani, pale fundi mkuu aliponikata kauli na kusema, "Dada, ngoja nizungumze na mzee."

Mzee ni mume wangu. Mume wangu yuko melini, bahari za mbali huko, na gari lenyewe hajalipanda tangu liinuliwe.

Kabla sijaendelea nikwambie kitu kimoja. Haya yametokea. Sikuota, sikuwa na homa, na sipati faida yoyote kwa kukudanganya. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha tuendelee.

Gari letu ni jipu la kazi. Mara mbili kwa wiki huwapeleka wauguzi kwenye zahanati za ndani kule Kwale, na binti yangu Rahma, ambaye ana miaka miwili, huwa kwenye kiti chake nyuma kwa sababu sina wa kumwachia. Njia za huko zina mawe na makorongo, kwa hivyo tukalipeleka gereji wakaliinua: springi ndefu, tairi kubwa, likawa refu hata mimi hupanda kwa kushika mpini. Nilifurahi siku moja tu. Siku ya pili nilipofika mwendo wa hamsini likaanza kutetemeka. Si kutetemeka kwa barabara mbovu. Ni mngurumo unaopanda kutoka chini na kukuingia mwilini, unaongezeka ukikanyaga mafuta, na ukifika sitini hata meno yanagongana.

Nimelirudisha mara tatu. Mara ya kwanza wakabalansi tairi. Mara ya pili wakahamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele. Mara ya tatu, Alhamisi hiyo, fundi mkuu akaniambia, "Gari likiinuliwa ndivyo lilivyo. Utazoea." Nikamwambia panda tuende ukasikie mwenyewe. Hakupanda. Akatoa simu, akampigia mume wangu kwa video, akaanza kumweleza mtetemo ambao yeye hajausikia na mume wangu hajausikia. Watu wawili, na mimi niliyeusikia nimesimama na mtoto kiunoni kama mzigo wa mtu!

"Mzee, ni mama tu. Aendesha kwa pupa."

Na mume wangu, Mungu amhifadhi, akajibu, "Mama Rahma, msikilize fundi. Punguza mwendo."

Niliichukua ile simu mkononi mwa fundi nikaikata. Nimeolewa miaka minne, sijawahi kumkatia simu mume wangu. Nikachukua ufunguo ukutani, nikamfunga Rahma kwenye kiti, nikaondoka. Jumatatu wauguzi walikuwa wananingoja. Nilikuwa na siku tatu za kujua kama ninawabeba watu au ninabeba maiti.

Tunakaa kwa shangazi yangu Kibokoni. Jipu lile haliingii vichochoroni, kwa hivyo huliacha kwenye uwazi ulio karibu na bandari ya kale. Nilipofika, adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Wanaume wako msikitini, maduka yamefungwa nusu mlango, njia nyeupe, hapiti hata paka. Kwetu, mtoto mdogo hatolewi nje jua likiwa utosini. Ni saa ya wenyewe, wale wasioonekana, kupita. Nimelelewa hivyo na ninajua. Lakini hasira haina saa. Nilizima gari, nikaweka kichwa kwenye usukani, nikalia.

"Mwanangu."

Sikuitika. Sauti usiyoijua ikikuita mara moja, huitiki, hilo pia nimelelewa nalo.

"Mwanangu."

Nikakaza macho mbele. Mara Rahma akapunga mkono, akasema, "Bibi!" Ilipokuja mara ya tatu nikageuka.

Alikuwa amekaa kwenye baraza la nyumba iliyofungwa mlango. Bibi mwembamba, amevaa buibui la zamani, lile la kufunga kwa kamba, ambalo sikuwa nimeliona likivaliwa tangu utoto wangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Gari lako lalia, nawe walia. Nani alianza?"

Niamini, pamoja na hasira zangu zote nilicheka.

"Gari," nikasema.

"Mafundi wasemaje?"

"Wasema mimi naendesha vibaya."

"Hunambii! Wamelipanda?"

"Hata mara moja."

"Basi wamejuaje?" Akasimama, akajipangusa vumbi. "N'tukua, nipande nawe. Nataka kulisikiza."

Wewe ungefanyaje? Ungemwambia nani wewe bibi, shuka? Siku nzima alikuwa mtu wa kwanza kutaka kulisikia. Nikamfungulia mlango. Gari hilo mimi hulipanda kwa kujivuta, lakini yeye aliingia kama anaingia chumbani mwake. Nikaliona hilo, nikalipuuza.

Tukaenda Mama Ngina, kwa sababu jua kali kama lile barabara ya pwani huwa tupu. Nikafika hamsini, likaanza.

"Wausikia wapi mtetemo?" akauliza. "Mikononi au makalioni?"

"Naam?"

"Mwanangu, mimi si kadhi. Mikononi au makalioni?"

"Makalioni."

"Basi si tairi za mbele. Za mbele zingekutikisa usukani. Haya, shika mwendo huo huo, hamsini na tano. Uko gia ya ngapi?"

"Ya nne."

"Tia ya tatu, mwendo usipungue."

Nikatia. Injini ikapiga kelele, lakini mtetemo ulibaki vile vile, haukuongezeka wala haukupungua.

"Sasa toa gia kabisa, liache litiririke."

Nikatoa. Injini ikanyamaza, gari likawa linakwenda lenyewe. Mtetemo ukabaki, umelegea kidogo tu.

"Umeona? Injini umeipandisha, umeishusha, haikubadilisha kitu. Ubaya huu wafuata magurudumu, haufuati injini. Na tairi zimeshahamishwa, nao haukuhama. Kimebaki n'ni kinachozunguka hapo katikati?"

Nimesoma hadi kidato cha nne na fizikia nilipata alama nzuri. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hilo na kunyamaza angoje jibu.

"Propela," nikasema.

"Simamisha gari."

Nikasimamisha kando, nikavuta breki ya mkono, nikaweka mawe magurudumuni kama alivyoniagiza, nikaingia chini na tochi ya simu. Uzuri wa gari lililoinuliwa ni huo, unaingia bila jeki. Yeye alibaki nje, namsikia sauti tu. Akaniambia niitazame propela, ule mhimili mrefu unaotoka kwenye gia kwenda ekseli ya nyuma. Kila ncha yake ina uma, na umani kumefungwa kiungo cha chuma chenye umbo la msalaba.

"Uma mbili zile ni kama watu wawili wachukuao kitanda. Sharti watazame upande mmoja, la sivyo mmoja avuta, mwenzake asukuma. Zako zatazamaje?"

Nikamulika mbele, nikamulika nyuma. "Zimepishana. Wa mbele umelala, wa nyuma umesimama."

"Ndiyo hiyo. Walipoliinua waliichomoa propela vipande viwili na hawakutia alama. Wakairudisha kwa kukisia. Gari lingekuwa chini kama zamani, ungesikia mchezo mdogo. Sasa liko juu, propela imekaa mwinamo mkali, na kosa dogo limekuwa kubwa. Itaila ile misalaba, kisha itakatika. Ikikatika kwa mbele ikachoma ardhi, gari hupinduka."

Nilikuwa chini pale, uso kwenye vumbi. Nilimfikiria Rahma kwenye kiti chake.

"Bibi, umejuaje haya?"

"Mume wangu alikuwa dereva wa lori la bara. Nilipanda naye mpaka Voi, nikamwambia, bwana, kuna kitu chalia tini ya lori. Akanambia mwanamke ajua sufuria. Nikashuka Voi. Yeye akaenda."

Nikapiga picha zile uma mbili, nikajiburura hadi nje. Hakuwepo.

Nikatazama huku na huku. Barabara ndefu, ukuta, bahari. Mtu angehitaji dakika kadhaa kufika mahali pa kujificha. Rahma alikuwa anakula biskuti. "Bibi wapi?" nikamuuliza. "Kenda," akasema, akaendelea na biskuti yake.

Hatua chache kutoka pale palikuwa na mama anayeuza mihogo ya kukaanga, ndiyo kwanza anawasha jiko. Alikuwa ananitazama kwa huruma.

"Dada, u mzima? Tangu usimame hapo wazungumza peke yako."

"Na yule bibi niliyekuja naye?"

"Bibi yupi?"

Hapo ndipo nilipoikumbuka taa. Gari letu lina taa ya mkanda kwenye kiti cha abiria. Nikiweka hata mfuko wa unga pale, inawaka na kengele inalia hadi uchoke. Yule bibi hakufunga mkanda, na kote tulikokwenda taa haikuwaka. Nywele zilinisimama kwenye jua la saa saba. Nikasoma nilichokikumbuka, nusu sura hii, nusu ile, nikaingia garini.

Sasa utadhani nilikimbilia nyumbani. Sikukimbia. Niliogopa, ndiyo, lakini picha nilikuwa nazo, na uma zilikuwa zimepishana, awe amenionesha binadamu au asiwe. Nikaendesha polepole, sipiti arubaini, hadi gereji.

"Fungua propela," nikamwambia fundi mkuu.

"Nani amekwambia habari za propela?"

"Fungua."

"Mzee anajua?"

Nikakaa juu ya pipa la oili katikati ya mlango wao, Rahma mapajani. "Gari lolote likitaka kutoka litatupita juu."

Wakafungua. Fundi mkuu alipoishusha aliitazama, akaigeuza, akajikuna shingo. Msalaba wa nyuma ulikuwa umekauka kabisa, unatoa unga mwekundu wa kutu. Wakatia mpya. Walipotaka kuiunganisha nikasimama juu yao mpaka uma zikatazama upande mmoja, wakachora mstari wa rangi nyeupe kupita vipande vyote viwili. Kisha nikamwambia fundi mkuu apande. Safari hii alipanda. Tukavuka daraja la Makupa kwa sitini, tukafika themanini. Kimya. Rahma akasinzia. Niliendesha huku machozi yananitoka, ya aina nyingine.

Tuliporudi, fundi mkuu akatoa simu. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Mzee, tumeligundua tatizo." Tumeligundua!

Jioni nilimweleza shangazi. Alikuwa anakuna nazi, akaacha mbuzi, akakaa kitako sakafuni.

"Baraza la nyumba ile iliyofungwa? Buibui la kamba?"

"Ndiyo, shangazi."

"Huyo ni Bi. Mwanatumu. Amekufa wewe hujazaliwa. Mumewe alipinduka na lori njia ya bara. Tangu siku hiyo akawa akaa pale barazani, kila gari lipitalo alisikiza. Tukidhani ameingiwa na wazimu. Tulimcheka, mwanangu. Mimi mwenyewe nilimcheka."

Kesho yake tukasoma Fatiha, tukapika mahamri tukayapeleka madrasa, tukamwombea. Mume wangu alipiga simu usiku ule ule wa Alhamisi. Nilidhani atauliza kwa nini nilimkatia. Aliuliza, "Nieleze wewe. Ulisikia nini?" Nikamweleza tangu mwanzo, na hakunikata kauli hata mara moja. Haijatokea tangu tuoane, na hilo lilinishangaza kuliko mzuka.

Jumatatu nilikwenda Kwale na nikarudi. Lakini sijawa yule yule. Lori likipita nasikiliza, hata nikiwa nimelala. Wanawake wa mtaani wameanza kuniletea magari yao, na swali langu la kwanza ni lile lile la mikononi au makalioni, na wote hucheka kabla ya kujibu. Baraza lile nikilipita hutoa salamu. Sijajibiwa tena, wala sitaki kujibiwa.

Kwa hivyo nakuonya, wewe unayesoma. Mtoto mdogo usimtoe jua la utosi, waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Na mkeo, mamako, dadako akikwambia gari lalia, panda ukasikilize. Wengine hawapati bibi wa kuwafuata.

Barua hii niliipeleka gereji Jumanne, kwa mwenyewe mwenye gereji. Akatia muhuri mbele yangu, nakala ninayo:

"Kwa Mwenye Gereji. YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI MBOVU NA MANENO YA UONGO. Mliliinua gari langu, mkaifungua propela bila kutia alama, mkaifunga vibaya. Nililirudisha mara tatu. Hakuna fundi wenu aliyekubali kulipanda, ila mlisema kosa ni uendeshaji wangu. Ningeliamini neno lenu, mwanangu na wauguzi wangekufa njiani. Nadai mambo mawili. Kwanza, kila propela mtakayoifungua itiwe alama, na kila gari linalotetemeka lipandwe pamoja na anayeliendesha. Pili, katika faili ya gari langu mmeandika kwamba hitilafu iligunduliwa na gereji. Si kweli. Futeni, muandike: iligunduliwa na marehemu Bi. Mwanatumu wa Kibokoni, mke wa dereva."