Mulunesh na Simu Isiyopokewa Dese

Saa tatu asubuhi, Mulunesh Aderaw anavaa visikizi juu ya mtandio wake wa netela, anachomeka waya kwenye swichibodi, ubao wa kuunganishia simu, na kuzungusha mkono wa kengele. Nyuma yake wanafunzi waliotembelea makumbusho wamebanana. Simu inalia katika chumba cha pili. Hakuna anayepokea.

"Bibi, kwani Dese wamelala?" anauliza msichana wa mbele.

"Hawajalala, mwanangu. Aliyekuwa akipokea amefariki," anajibu, kisha anauchomoa waya taratibu.

Mulunesh, mwenye miaka 66, alikuwa opereta wa simu za masafa marefu, akiunganisha Addis Ababa na miji ya kaskazini, ukiwamo Dese. Alipostaafu, makumbusho haya madogo ya posta na simu yalimwita awaonyeshe wageni kazi yake. Analipwa posho ya birr 4,000 kwa mwezi. "Kodi ya nyumba ikishatoka, unga wa teff nanunua kwa kubahatisha," anasema.

Aliyekuwa akipokea kama Dese katika chumba cha pili ni fundi Demissew Wolde, aliyeifufua swichibodi hiyo kwa vipuri vya kuokoteza. Mwaka jana, ulipoingia Meskerem, mwezi unaofungua mwaka wa Ethiopia, wawili hao walipanga shughuli za mwaka mzima: wiki ya posta, mafunzo ya stempu baada ya Krismasi, siku ya makumbusho mwezi wa Ginbot, yaani Mei. Kote humo, watoto walichotaka ni simu ya Dese.

"Nikimuuliza hali ya hewa ya Dese," anakumbuka Mulunesh, "ananiambia mvua imemlowesha mpaka soksi. Mtu yuko chumba cha pili, mkavu kabisa. Watoto wanacheka, na mimi nacheka nao kila mara."

Kufikia Ginbot, fundi alikuwa akija kazini ameshikiliwa na binti yake. Kifua kilikuwa kimembana. Siku ya makumbusho alipokea simu, akaanza kuongea, kikohozi kikamkata. Watoto wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakaangua kicheko.

"Nilikata simu," anasema Mulunesh. "Opereta hakati simu watu wakiwa wanaongea. Siku ile nilikata."

Mvua zilipoanza alikwenda kumtazama nyumbani kila alipopata nafasi. Mgonjwa hakutaka kupewa pole.

"Aliniambia, 'Dada yangu, utanililia baadaye. Waya wa kijani unakwenda wapi?' Nikikosea ananisuta: 'Umechomeka maisha yako yote, hujui hata unachomeka nini.'"

Demissew alifariki mwezi wa Nehase, yaani Agosti. Wiki chache baadaye swichibodi nayo ikazima.

Mkuu wa makumbusho, Kidist Hailu, anakiri alitaka iwekwe ndani ya kabati la kioo. "Asubuhi moja nikamkuta Emama Mulunesh amelala chali chini yake, analehemu nyaya. Nilikuwa nimekuja kumwambia habari ya kabati. Nikarudi ofisini."

Kazi hiyo ilimchukua Mulunesh wiki nzima. "Kengele ilipolia kule chumbani nilifurahi. Halafu nikakumbuka hakuna mtu."

Hapo ndipo alipomkumbuka Itagegn, opereta wa kweli wa Dese. Waliongea kwa miaka kumi na tisa, zamu baada ya zamu, na hawakuwahi kuonana. Miaka ya vita, habari nyingi za vifo zilipita mikononi mwao.

"Alikuwa ananiambia, 'Mulu, huyu ninayekupa ana msiba. Mwombe mama anayepokea huko akae kwanza, ndipo uunganishe.' Nikishaunganisha, sisi wawili tunashika simu inayofuata. Hatukuwahi kuyazungumza."

Namba yake aliipata kupitia wastaafu wenzake. Alipopiga, hakupata hata nafasi ya kutaja jina. "Nilisema 'haloo' tu. Akajibu, 'Sema, Addis.' Nikaweka simu chini."

Siku iliyofuata alipiga tena, akamweleza. Itagegn, sasa mjane na bado anaishi Dese, alicheka kwanza: "Yaani unaniita huko nije nijifanye niko hapa?" Kisha akakubali.

Atakuja baada ya sikukuu ya Timkat mwezi Januari, shule zikitoka likizo na kuanza tena kuleta watoto. Atalala kwa Mulunesh, na asubuhi atakaa chumba cha pili. Mulunesh anataka pia kumfundisha njia za nyaya, ili mmoja akiondoka asiondoke nazo.

Mulunesh atakwenda mwenyewe kumpokea stendi.

"Sura yake siijui, na yeye hanijui," anasema. "Nitasimama pale watu wateremke. Akifungua mdomo tu, hata kama anagombana na mpagazi, nitajua ni yeye."