Magunia Chini ya Kitanda cha Binti Yangu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilitoka Butiama na darasa la nne, nikaanza kubeba dagaa kwa baiskeli kutoka Kisorya, na leo ukifika Bunda ukauliza duka la jumla, unaletwa kwangu. Kwa hiyo daktari wa hapo mjini aliposema binti yangu ana pumu, nilicheka. Pumu kwenye ukoo wetu? Watu wa kupanda mlima na mzigo kichwani?

Lakini kila alfajiri mtoto alikuwa anakosa pumzi, midomo inabadilika rangi, mama yake amemkalisha wima anampepea. Nikasema nitatafuta mkubwa wa huyo daktari amkosoe. Bingwa wa kifua alikuwaga anakuja Musoma mara moja kwa mwezi. Nikavaa suti, tukaenda wote watatu.

Bingwa alimpulizisha mtoto kwenye kibomba chenye mshale, akampa dawa ya kuvuta, tukasubiri, akampulizisha tena. Mshale ukapanda.

"Mwenzangu hakukosea, mzee. Ni pumu."

"Mimi nimekuja uniambie siyo."

"Basi umekosea mlango." Kisha akanusa sweta la mtoto. "Unauza dagaa?"

"Kwa jumla! Nanukia?"

"Wewe unanukia sabuni. Mtoto ndiye ananukia dagaa. Analala wapi?"

Nikamweleza bila aibu. Miaka ile ya uhaba tulifichaga sabuni na sukari chini ya vitanda; mgambo wakiingia kusaka walanguzi, wanakuta mtoto kalala. Serikali ilipofungulia biashara, mkono ulikuwa umeshazoea. Magunia saba ya dagaa yalikaa chini ya kitanda cha binti.

"Vumbi lake ndilo linamkaba," akasema. "Na siku hizi unamficha nani?"

Mke wangu akadakia: "Dokta, nimemwambia miaka mitatu! Anasema hiyo ni harufu ya pesa."

Wiki ileile nikaanza kujenga stoo nyuma ya nyumba, tofali za kuchoma, bati jipya, mlango wa mninga. Mtaa mzima hauna stoo kama ile. Binti anavuta dawa yake, analala mpaka kunakucha, na darasani amekuwa wa pili. Ujenzi, dawa, nauli na bingwa, vyote nililipa taslimu, sikukopa kwa mtu: shilingi elfu themanini na sita, mia nne na hamsini.